Mita Thelathini Kutoka Katikati ya Lami

Kitengela, 9 Februari 2003

Kwa binti yangu Ifrah,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima, kifua tu kinasumbua na hili vumbi. Wewe je, unakula? Anayeniandikia ni Dinah, jirani yangu fundi wa nguo. Jana watu wa kanjo, wale wa baraza la mji, wamepaka X nyekundu kwa kibanda cha chai. Wanasema tuko kwa barabara. Wanataka tuwe mita thelathini kutoka katikati ya lami, la sivyo mwisho wa mwezi wanavunja. Nikauliza mita thelathini ni hatua ngapi, wakacheka. Nikikosa hiki kibanda sina pengine. Wewe umesoma, niambie.

Mama yako

Mimi Dinah pia niko na X. Fanya haraka!

Kajiado, 13 Februari 2003

Hooyo mpendwa,

Waleikum salaam. Natumaini kifua kimetulia. Mimi ni mzima na ninakula, ingawa maharagwe ya hapa shuleni yana mawe.

Usipime kwa hatua, kwa sababu hatua zako na za Dinah si sawa. Tepu yake ya kushonea ina mita moja na nusu. Kateni kamba yenye urefu wa tepu mbili, kisha muipime mara kumi. Anzeni kwenye mstari mweupe katikati ya lami, si ukingoni, Jumapili asubuhi malori yakiwa machache. Kamba ya kumi itakapoishia, jengeni hapo. Sheria haiwezi kumdhuru mtu anayeifuata, Hooyo.

Binti yako, Ifrah

Kitengela, 2 Machi 2003

Ifrah mama,

Salaam nyingi, sote tuko wazima. Tumepima. Dinah alisimama kwa lami akipunga leso, dereva mmoja akamuuliza ameajiriwa trafiki lini.

Kamba ya kumi imeishia kwa ile njia pana ya ng'ombe. Nikamngoja Mzee Katoo apite na mifugo yake. Nikamwambia, mzee, nimefukuzwa mbele, naomba nyuma. Akasema, "Mama Chai, ng'ombe wangu hawajui kusoma X. Kaa pembeni, wao wapite." Aling'oa nyasi akaniwekea mkononi, nami nikampa maziwa, watu wakiona. Kwao Wamaasai, hapo maneno yameisha.

Askari wa kanjo akaja na tepu yake, akapima, akasema sasa niko sawa. Wengine saba wamenifuata, tuko mstari mmoja. Wanauliza binti wa mita anarudi lini.

Mama yako

Kajiado, 10 Machi 2003

Hooyo mpendwa,

Hujambo na majirani? Nimeisoma barua yako mara nne. Nimemweleza mwalimu wa jiografia, naye ameniuliza jambo ambalo sikulifikiria: ile njia ya ng'ombe ni ya nani kwenye ramani? Tafadhali nenda ofisini kwa kanjo ukaulize, na uombe karatasi.

Binti yako, Ifrah

Kitengela, 21 Juni 2003

Ifrah binti yangu,

Salaam. Afya iko. Nimechelewa kukuandikia, nisamehe.

Kanjo wamevunja Alhamisi saa nne asubuhi, chai ikiwa motoni. Mkubwa wao, aliyeshika ramani, alisema njia ya mifugo pia ni ya umma, hakuna mtu anaweza kuigawa. Mzee Katoo akaja, akasema neno lake amelitoa mbele ya watu. Yule akamjibu, "Mzee, nionyeshe hilo neno kwa ramani." Katoo akageuka, akawafuata ng'ombe wake.

Uliniambia niombe karatasi. Niliona aibu. Mtu akikupa nyasi, utaendaje kuuliza nyuma ya mgongo wake kama alikuwa na haki ya kukupa?

Musila wa viatu, wa mstari wetu, anasema umetupima mpaka kaburini. Usimjali. Ulipima sawa.

Mama yako

Kajiado, 29 Juni 2003

Hooyo mpendwa,

Salaam kwako na kwa Dinah. Nimelia, na ninaomba msamaha kwa wote wanane. Nimewaandikia kanjo kuuliza: kama mbele ni barabara na nyuma ni njia ya mifugo, muuza chai amewekewa wapi? Mwalimu ameisahihisha barua na kusema ina adabu. Wakijibu nitakuletea. Agosti nikifunga shule twende pamoja ofisini.

Binti yako, Ifrah

Namanga, 2 Agosti 2003

Ifrah,

Salaam. Leo ananiandikia Abdijabar wa kupitisha mizigo mpakani, na ana haraka.

Usije Kitengela. Sipo. Ile njia imezungushiwa waya, inasemekana ni ploti ya mtu. Ng'ombe wa Katoo sasa wanapita kwa lami wakipigiwa honi. Huku natembea na birika katikati ya malori. Askari akisema toka, mimi tayari natoka. Anayetembea hapakwi X. Pa kulala bado sina pa kudumu, leo hapa, kesho pale. Omba mwalimu ukae shuleni likizo. Soma.

Mama yako

Kajiado, 28 Septemba 2003

Hooyo mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu haikuumi. Ni ya tatu tangu Agosti, zote nimezituma kwa Abdijabar. Kanjo hawajajibu. Likizo nilikaa shuleni na kusoma kama ulivyosema.

Mwalimu wa darasa ametupa fomu ya kujaza. Kuna mstari mmoja wa mahali anapoishi mzazi. Wenzangu wamejaza, mimi nimeuacha wazi. Fomu zinaondoka Ijumaa, lakini ameahidi yangu ataiweka chini kabisa ya rundo ili nipate muda. Sihitaji kitu kingine. Niambie tu uko wapi, nami nitapaandika.

Binti yako, Ifrah