Mtoto Aliyelizwa kwa Jina la Binti Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Beni, tarehe 12 Machi 2025, mbele ya Inspekta Kataliko, kitengo cha ulinzi wa watoto.
Shahidi: Kavugho Emérence, miaka 39. Kazi: muuzaji wa maharagwe na viazi. Makao: Butembo.

Mimi ni mama wa marehemu Sifa, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo mwezi wa Agosti mwaka jana, akiwa na miaka minane. Alipokuwa hospitali, bwana mmoja anayeitwa Maliro alikuja kutuombea. Alisema ana shirika la kusaidia wagonjwa. Alimpiga Sifa video kitandani, akasema watu wa mbali wataiona na kumwombea pia. Siku ya kumaliza matanga, tulipogawa nguo za mtoto, Maliro alichukua mfuko mmoja awapelekee watoto waliokimbia vita huku Beni. Nilimshukuru.

Ndani ya mfuko mlikuwa na triko ya kijani, sweta niliyoifuma mwenyewe. Uzi wa kijani uliisha, mkono wa kushoto nikaumalizia na wa manjano. Sifa alikuwa akisema mkono huo ni wa Jumapili.

Mnamo tarehe 4 Machi, mchana, nilikuwa sokoni nikimpimia mteja maharagwe. Wifi yangu Adèle alikuja na simu mkononi. Alisema, "Mama Sifa, ikala kwanza."
Nikamwambia, "Lakini niko na bateja."
Akasema, "Ikala, mulamu." Nikaketi.

Katika simu nilimwona mtoto wa kike ameketi kwenye mkeka, amevaa triko ile. Ilikuwa video ya moja kwa moja, watu wanaandika na kutuma msaada. Nyuma yake ilibandikwa picha ya Sifa kitandani. Sauti ya Maliro ilisema, "Sifa, lia kidogo, bamama ba Ulaya beko banakuangalia." Mtoto akalia.

Maharagwe yalinimwagika. Mteja aliyaokota, akayarudisha ndani ya gunia. Nilimwuliza Adèle, "Sifa, tulimuzika, hapana?"
Akajibu, "Tulimuzika, mulamu. Nilikuwa pale."

Tulienda mara hiyo kwenye ofisi ya polisi karibu na soko. Afande wa zamu aliangalia video, akauliza, "Huyu mutoto amepigwa?" Nikasema sijui. "Weye njo mama yake?" Nikasema hapana. Akasema, "Donc mama, mashitaka iko wapi? Mambo ya mu simu, siye hatuna sheria yake hapa."

Kesho yake Adèle alinifikisha kwa Inspekta Kataliko. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema sheria inakataza kumtumia mtoto kuombaomba msaada, na simu ni njia tu, lakini lazima parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, impe ruhusa ya kumtafuta mwenye namba inayopokea msaada. Siku tulizongoja, mtoto aliendelea kulia kwenye simu. Niliangalia kila mara. Niliogopa kufungua siku moja nisimwone.

Ruhusa ilipotoka, namba iliwaelekeza polisi kwenye nyumba moja hapa Beni, na leo asubuhi nilikuja nao ili nitambue nguo. Maliro alifungua mlango. Aliponiona alisema, "Mama Sifa, karibu," kama vile tumekuja kumtembelea.

Mtoto alikuwa peke yake chumbani. Triko niliitambua. Inspekta alinyanyua simu apige picha ya chumba kwa ushahidi. Mtoto alipoiona, alijiweka vizuri kwenye mkeka, akamwuliza Inspekta, "Papa, nilie sasa?"

Inspekta alirudisha simu mfukoni.

Nilipiga magoti nikamwuliza jina lake. Akasema, "Sifa." Nikamwuliza tena, "Jina yenye mama yako alikupatia?" Alimwangalia Maliro, aliyesimama mlangoni na polisi.

Triko siidai, abaki nayo. Naomba mtoto atafutiwe watu wake. Naomba pia wanaotunga sheria waandike wazi mambo haya ya mtandao, ili afande wa karibu na soko lolote asimrudishe mtu nyumbani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa kwa Kiswahili, sina la kupunguza.

(Sahihi) Kavugho Emérence

Maandishi ya afisa: Mshukiwa anashikiliwa, simu zake zimechukuliwa. Chumba kimechorwa kwa mkono badala ya kupigwa picha. Mtoto hakupigwa picha. Shahidi ameomba kulala naye usiku huu kwenye makao ya watoto, nimekubali. Hati zinamtaja "mtoto wa kike, karibu miaka saba." Hadi ninapotia sahihi, hajataja jina lake.
(Sahihi) Inspekta Kataliko