Mama Alivyongoja Bodaboda Isiyokuja

Jumamosi. Joto la Malindi leo halina hata upepo wa kulipunguza, na mimi sikai wala sisimami. Nimefagia ua mara ya pili, nao ulikuwa safi.

Nimemkosea mama.

Tangu baba afariki, mama akaa nami hapa mjini, na nyumba imekuwa nyumba. Juzi akaniambia amemwota baba akilalamika kiu. Kwetu Jilore, marehemu akija ndotoni hivyo, huendewa pale penye koma yake, kile kijiti kilichosimikwa kumkumbuka, akamwagiwa tembo la mnazi kidogo na kusemeshwa. Mama akataka aende leo.

Mimi nimeokoka. Nikamwambia ndoto ni ndoto, na wafu hawanywi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, hayo ni yangu, lakini yeye atakwenda.

Hapo ningenyamaza. Nilishasema, nikasikika, basi. Lakini wapi! Nikampigia simu Karisa, mwenye bodaboda anayembeba mama siku zote, nikamwambia mama hajiwezi, asije.

Asubuhi mama akavaa leso mpya, akakaa barazani na chupa yake ya tembo kikapuni. Mimi niko jikoni nasugua sufuria utadhani nina ugomvi nayo. Kila pikipiki ikipita, yeye anainuka. Jua likafika utosini na hajalalamika, asema tu huenda Karisa amepatwa na jambo, maskini.

Baada ya chakula Karisa mwenyewe akapiga. Ana roho nzuri yule. Nilimsikia akimpa mama pole, ati Dama, yaani mimi, kasema yu taabani.

Mama akaniangalia. Kisha akamjibu, "Ahsante mwanangu, sasa sijambo."

Hakuniaibisha. Hilo ndilo lililonikata maini.

Alipoiweka simu akasema, "Ulipookoka nilikwambia sipendi. Nguo ya ubatizo alikufulia nani?"

Ni yeye. Aliifua, akaipiga pasi, akaja akasimama nyuma kabisa ya kanisa, amekunja uso, lakini alikuja.

Sasa najiuliza, kama imani yangu ni ya kweli, mbona niliilinda kwa uongo? Bado naamini wafu hawanywi, na nikiulizwa nitalisema tena. Ila safari ya mama si yangu.

Nimempigia Karisa nikamwambia ukweli. Akasema kesho asubuhi atakuja.

Mama yuko chumbani anafunga nguo. Nilidhani atachukua leso moja ya kubadilisha.

Anafunga zote.

Nataka arudi. Kweli nataka arudi, nyumba hii bila yeye siiwezi. Nitamwambia hivyo, mara moja tu. Kisha nitamsaidia kubeba mzigo mpaka kwenye pikipiki.