Wimbo wa Jikoni kwa Kavata

Jumatatu, 2 Machi 1998
Kijijini Ekalakala tena. Nyimbo tatu za kupalilia. Zote ninazo tayari. Kisha Mwaitu Kavata (mwaitu ni mama kwa Kikamba), mwenye miaka sabini hivi, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia na kuanza wimbo ambao sijausikia popote. Anamsema mumewe kwa jina: Nzioka ana mkono wa fimbo, wa jembe hana. Miaka kumi na moja nakusanya nyimbo, sijapata kama huu.
Akaona rekoda inazunguka. "Huu ni wa jikoni, mwanangu. Usitoke hapa."
Nikamwambia hautatoka.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeusikiliza kutwa. Sauti yangu inauweza kuliko yake. Ndiyo, nimeandika hivyo.

Jumamosi, 14 Machi
Tamasha, Machakos mjini. Nyimbo zangu za kila siku, watu wanapiga miayo. Nikauimba. Na jina la Nzioka ndani. Ukilitoa mapigo yanavunjika. Ukumbi mzima ukasimama. Mtu wa redio alikuwa anarekodi. Nilimwona.

Jumanne, 17 Machi
Umechezwa redioni mara mbili. Nina furaha. Furaha kabisa.

Ijumaa, 20 Machi
Ndunge, binti ya Kavata, amefika mlangoni. Alikataa kuketi. Sokoni watu walimwimbia baba yake, Nzioka, wimbo huo kila alikopita. Mzee akarudi nyumbani, akamvunja Kavata mkono kwa mchi. Kisha akamfukuza.
"Si alikuambia, Auntie? Si alikuambia?"
Nikasema ni makosa ya redio. Nilisema hivyo kweli.

Jumapili, 22 Machi
Masinga. Kavata yuko kwa kaka yake. Mkono una plasta hadi kwenye kiwiko. Nilibeba sukari, unga na ile kaseti niliyomrekodi. Nikaomba msamaha. Akauliza:
"Huko mjini, walimcheka yeye ama mimi?"
"Yeye, Mwaitu."
Sijui. Sikuwa nimefikiria.
Sukari na unga alipokea. Kaseti aliisukuma kwa mkono mzima. Akaniambia nisirudi.

Jumatano, 25 Machi
Ukumbi umeniomba niuimbe tena wikendi. Nimekubali. Asubuhi manyunyu. Nimefua, nimeanika, nimepanga kaseti kwenye rafu. Ile ya Kavata ilikuwa haina maandishi. Nimeandika: Ekalakala, wimbo wa kusaga, mwimbaji hajulikani.