Kumwuliza Dalali Karatasi Yake

Jumatatu, 7 Machi 1966

Mvua. Nimehamisha sufuria tena. Paa limepata tundu jipya juu ya kitanda cha mama. Ana mwaka kaburini na bado nakiita chake. Nyumba pia naiita yake, ingawa kwa haki ni yangu. Kwetu nyumba hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na hilo Palma nzima inalijua.

Mjomba Amadi naye analijua. Leo ameniambia tunavuka Ruvuma kwenda Mtwara, kwa ndugu wa Bibi. Nyumba itauzwa. Hakuuliza.

Kuhusu kuondoka sina neno. Vijana wawili wa mtaa wetu walichukuliwa na askari wa Mreno, hawajarudi. Kuhusu nyumba nilinyamaza tu. Nimejichukia siku nzima.

Jumatano, 9 Machi

Mjomba amepata dalali. Bwana Selemani, mtu wa Mocímboa. Anauza nyumba za wanaohama, kimyakimya, kisha anawapelekea fedha zao Mtwara. Ndivyo asemavyo.

Nimeuliza kama ana alvara. Mjomba alijifanya haelewi. Nikamweleza: kibali cha serikali kinachosema huyu anaruhusiwa kazi gani, wilaya gani, mpaka lini. Akacheka. "Mwanaidi, hao wenye vibali ndio tunaowakimbia."

Yuko wakala mwenye alvara ya nyumba, yule Mgoa mzee wa Mocímboa. Kila kitu hukiandikisha bomani. Tukienda kwake, boma litajua siku ileile kwamba tunahama. Hapo Mjomba anasema kweli. Sipendi kumkubalia, lakini ndivyo ilivyo.

Basi dalali asiye na alvara aseme wazi kwamba hana. Alete watu wawili tunaowajua, wamdhamini. Hilo nalo gumu?

Ijumaa, 11 Machi

Aibu.

Bwana Selemani amekuja baada ya swala. Imamu anaumwa, wakampa yeye kuswalisha. Kanzu imepigwa pasi, sauti nzuri. Bibi alimchinjia kuku. Mjomba alikwisha kutoa hati ya nyumba sandukuni, iko mkekani, kabla mgeni hajanawa.

Nikauliza. Kwa adabu, macho chini: baba, samahani, tunaweza kuiona alvara yako?

Mjomba akasema, "Mtu ametoka kutuswalisha, wewe unamwomba karatasi! Hapa ni Awasse?"

Awasse, njia panda. Sipai, askari weusi wa serikali, humsimamisha huko kila mtu: kaderneta, kaderneta, kile kitabu cha utambulisho. Mwaka jana kaderneta ya Mjomba ilikuwa imechanika. Walimpiga kibao mbele ya watoto wake. Nilijua nagusa wapi. Niliuliza hata hivyo.

Bwana Selemani hakukasirika. Alicheka. "Mwacheni. Mnaye sipai wenu wa nyumbani, raha iliyoje!" Wakacheka wote, hata Bibi, kwa kushusha pumzi. Akatoa karatasi yake, akanipa kwa mikono miwili kama anayempa malkia.

Alvara ya kweli. Muhuri wa kweli, picha ya kweli. Ya kununua mbata na korosho, wilaya ya Mocímboa. Nyumba haimo. Palma haimo.

Nikasema kwa sauti. Mjomba akajibu, "Anayejua kupima mbata atashindwa na nyumba?" Wakacheka tena. Muhuri waliuona wote. Maneno niliyaona peke yangu.

Jumamosi, 12 Machi

Mtaa mzima umepata habari. Kisimani: "Sipai anapita! Jamani, toeni kaderneta!" Mke wa jirani alinionyesha ufagio wake, akauliza kama nao unahitaji muhuri. Watoto wananipigia saluti.

Bibi hasemi nami. Amesema mara moja tu: "Umenivunjia heshima mbele ya mgeni wangu."

Nimemwomba Mjomba wadhamini. Wawili tu. Anasema msikiti mzima uliswali nyuma ya Selemani, nataka wadhamini gani tena.

Labda wanachokichukia si swali. Masista walinifundisha kusoma, pengine walinitia na sauti yao. Labda nikiuliza, watu wanamsikia Mreno. Nimeliwaza hilo sana. Lakini korosho bado ni korosho.

Jumanne, 15 Machi

Hati imekwenda. Funguo zimekwenda. Mjomba aliweka dole gumba. Mimi najua kuandika jina langu. Hakuna aliyelitaka.

Alhamisi, 24 Machi

Tumevuka, upande wa Namoto. Mto umejaa. Bibi alitapika. Nimechukua sufuria ya kukinga mvua, sijui ya nini.

Jumapili, 12 Juni

Mtwara. Zainabu, jirani yetu wa Palma, amevuka juzi. Leo amekuja kutuona.

Selemani ameiuza nyumba kwa serikali. Ndiyo nyumba ya kwanza mtu anapoingia mjini kutoka Mute. Waliitaka siku nyingi. Sasa humo wanakaa sipai. Wameweka mti kukatiza barabara, na meza kwenye baraza. Baraza la mama. Kila anayepita anasimama hapo, anatoa kaderneta. Zainabu naye alitoa yake, palepale alipokuwa akikaa na mama kuchambua mchele.

Selemani haonekani. Fedha hatujaziona, wala hatutaziona. Tumshtaki wapi? Tulivuka bila kibali. Alilijua hilo kabla hajanawa mikono.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje. Nilitaka kumfuata nimwambie. Nilikuwa na maneno tayari, ya miezi mitatu. Sikwenda. Si huruma. Nilitaka akae nayo peke yake.

Jumatatu, 20 Juni

Kwa ndugu wa Bibi tumejaa mno. Leo amekuja dalali wa hapa, ana vyumba viwili vya kupangisha. Mjomba alimkaribisha. Wakazungumza samaki, wakazungumza magoti ya Bibi.

Kisha Mjomba akanitazama. "Mwanaidi. Mwulize."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia mgeni kahawa. Nikammiminia Mjomba. Nikakaa.

Walingoja. Bibi akakohoa. Mwishowe Mjomba akauliza mwenyewe, polepole, macho mkekani, kama mtu anayengoja kibao.

Yule mtu akatia mkono mfukoni, akatoa leseni yake, akampa. Hakukasirika. Akaomba kahawa nyingine.

Mjomba hajui kusoma. Aliigeuza mbele na nyuma, akaupapasa muhuri kwa kidole, kisha akaninyooshea.

Nikaisoma. Kwa sauti, mpaka chini.