Mluzi Kwenye Spika

Jumapili, 2 Novemba

Nimeosha gari tangu asubuhi. Safari tatu za pwani ya Bwejuu wiki hii, chumvi imeingia kila pahala. Nimetoa kapeti ya buti ikauke. Chini yake nimekuta rangi imekwanguliwa mpaka bati tupu, upana wa kifuniko cha soda, pale penye boliti iliyofunga waya mweusi wa amplifaya. Kazi ya Sele hiyo, mchumba wa dada yangu Zuhura. Yeye ndiye aliyenifungia muziki mwezi wa Ramadhani. Fundi gani anaacha bati wazi kisiwani? Nimefungua boliti, nimepaka rangi mara mbili, ilipokauka nikarudisha kila kitu. Safi.

Baada ya Adhuhuri Sele amekuja kuazima gari ampeleke mama yake Matemwe kualika jamaa harusini. Nimempa. Kilomita nimeziandika kabla hajawasha. Nimeziandika tena aliporudi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mluzi. Nimewasha gari, nimeweka kasida, spika zinapiga mluzi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Jumamosi haukuwapo. Na gari limetoka mikononi mwangu mara moja tu.

Nimepita kibandani kwa Sele, Mikunguni. Alifungua buti, akainua kapeti, akatazama chini yake, akairudisha.

"Niachie funguo, kaka. Nnakwenda kuswali mara moja, nkirudi nnalitengeneza. Dakika kumi tu."

Dakika kumi, na ugonjwa hakuutaja. Kwa nini alitengeneze nikiwa sipo? Nimeondoka na funguo zangu.

Jumanne, 4 Novemba

Amebadilisha amplifaya. Yangu nzuri ameiuza au ameifunga kwenye gari la mtu, mimi amenitilia mbovu. Sina jibu jingine.

Nimetafuta boksi la amplifaya juu ya kabati. Nimelinganisha namba ya boksi na namba ya amplifaya kwa tochi ya simu. Ni ile ile.

Hata hivyo. Anayejua kufungua skrubu anajua kutoa utumbo akaacha ganda.

Jumatano, 5 Novemba

Nikaha ni Ijumaa. Baba hayupo tena duniani, mimi ndiye walii wake wa ndoa. Mkono utakaoushika mkono wa Sele ni wangu. Namuozeshaje dada yangu kwa mtu nisiyeweza kumwachia funguo za gari?

Nimemwambia Zuhura tutangoja mpaka nijue ukweli. Alikuwa anajaribu viatu vya harusi. Alivivua, akavipanga ndani ya boksi, akafunika. "Sawa, kaka." Basi. Baadaye nilimsikia akilia bafuni, amefungulia maji ili tusimsikie.

Mama ameniuliza, "Ushaona kwa macho yako, au moyo wako tu unakwambia?"

Nimekasirika. Chakula sikukigusa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilitaka ushahidi. Nimemwita mzee Kanti, mwenye duka la kutengeneza redio huku Mji Mkongwe. Gari haliingii uchochoroni kwake, kwa hiyo alitembea na mfuko wake mpaka mtaa wa Malindi ninapoegesha. Nikamwomba atazame kama utumbo wa amplifaya ni wenyewe.

Hata hakuifungua, aliniambia tu niwashe gari na muziki. Alikwangua boliti ya kiti cha nyuma. Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha pale waya mweusi unapotokea kwenye amplifaya, ncha nyingine kwenye boliti ile ya kiti. Mluzi ukakatika. Akaondoa, ukarudi. Akagusisha tena, kimya. Kisha akafungua boliti ya buti. Chini yake rangi ya kijivu inang'aa, na unywele wa brashi umegandia humo. Akanieleza kwamba waya mweusi ndio unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, lazima ukae juu ya bati tupu. Rangi inauzuia.

"Nani kapaka rangi hapa?"

Nikasema sijui.

Mzee wa miaka sabini na ushee, ameinama kwenye buti langu juani, nami namdanganya kwa ajili ya tundu la boliti. Akapiga msasa mpaka bati likaonekana, upana ule ule wa kifuniko cha soda. Akaukaza waya, akapaka grisi juu yake ili chumvi isile bati. Nikawasha, nikakanyaga mafuta. Kasida peke yake.

Nimerudi nyumbani, nimemwambia Zuhura kosa ni langu, harusi iko pale pale. Alikwenda kumpigia simu mwanamke wa kumpaka hina.

Halafu Mikunguni. Nilimweleza Sele yote, hata habari ya namba za boksi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Nliiona rangi Jumatatu, kaka. Nkajua umepaka wewe. Nlitaka niikwangue, nikae kimya, usione haya."

Nimeona haya mpaka sasa ninapoandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemuozesha baada ya Alasiri. Mkono wa Sele ulikuwa na jasho. Wangu pia.

Zuhura alinibusu mkono wakati wa kuaga. Usoni hakunitazama. Ana haki.

Wamekwenda Bwejuu kwa gari langu, watarudi Jumapili. Funguo nilimpa Sele mwenyewe, kabla hajaomba. Nilisimama barabarani nimetega sikio mpaka walipopinda kona. Hakuna mluzi.

Kilomita sikuziandika.