Gesi Niliyoitia Gari Yako, Dada Mwajuma

Nyamugari, Gitega
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum, dada, na joto la huko Maskati lisikuonee. Mgongo unaendeleaje? Ule mguu uliokuwa unavimba ukisimama sana jikoni kwa watu umepungua? Na yule bibi mwenye nyumba, bado anakuamsha kabla ya alfajiri kwa ajili ya chai yake? Nijibu yote, usiniambie tu "mi niko sawa" kama kawaida yako.

Sisi huku tu wazima. Mama presha imetulia, anakula vizuri na anagombana vizuri. Mvua zimekubali, maharage ni mengi sokoni. Petroli ndiyo hakuna, lakini hiyo siyo habari tena. Watu wanalaza magari kwenye foleni ya stesheni kama wanavyolaza watoto.

Najua unashangaa. Sudi na barua? Sudi aliyeacha shule kwa sababu kalamu ilikuwa inamchosha? Ni hivi: Swabra wa jirani anarudi huko kazini, nimempa hii mkononi. Kwenye simu nisingeweza. We unanijua, sauti yangu ikianza kusema jambo inatafuta mzaha, na hili nataka likufikie bila mzaha. Nitajitahidi.

Dada, gari yako haitembei.

Nimeandika hayo maneno, nikatoka nje, nikarudi. Haitembei tangu harusi ya Shakila, na aliyeiua ni mimi. Picha ninazokutumia kila Ijumaa ni za kweli. Naiosha, nayapaka matairi rangi, inang'aa kama meno ya bwana harusi. Ila imekaa palepale uani. Ukizitazama tena utaona nyuma yake ni ukuta uleule, na kamba ileile ya nguo.

Unakumbuka tulikuwa tumpeleke Shakila kwa mumewe huko Muyinga, gari yako ikiwa mbele na maua. Wiki ile nilikwenda Kobero, mpakani, kutafuta bidoni la petroli. Nikiwa njiani akanipigia Hussein, baba mdogo wa bwana harusi, na utani wake: "Sudi, ile gari yenu otomatiki, gari ya kina mama, itaviweza vilima kweli? Si mtafika hapa Shakila ana wajukuu!" Watu wa kwao wakacheka nyuma yake, nikawasikia. Nikamjibu, "Mkiona vumbi, ndio sisi." Barabara yenyewe ni ya lami, vumbi litoke wapi?

Pale Kobero, kwenye malori, yuko jamaa anauza vipuri vya kutoka Dar. Alikuwa na chupa ya gesi wanayoiita nosi. Chupa unaifunga nyuma kwenye buti, mpira unakwenda mpaka kwenye injini, na ukibonyeza swichi injini inapata nguvu za ghafla kama mtu aliyeumwa na nyigu. Mi si nimefika Dar, nimefika Kampala, nani anifundishe gari?

Yule jamaa hakunificha kitu. Aliniuliza, "Gari yako ni gia za mkono au otomatiki?" Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema, "Otomatiki kama ilivyotoka kiwandani usiiwekee hii, bwana. Giaboksi yake imepimwa kwa nguvu za injini yake tu. Ukiiongezea za gesi, klachi zake za ndani zitateleza mpaka ziungue."

Nilimsikia, dada. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini walikuwa wamesimama pale wabeba mizigo na wabadilisha pesa, wote wananitazama, na utani wa Hussein bado uko masikioni. Nikaona haya kusema naendesha gari ya kina mama. Nikasema, "Ya mkono." Hata nikamwonyesha hewani ninavyobadilisha gia.

Mama nilimwambia ni gesi ya kuokoa petroli. Akafurahi, akatangazia majirani, "Sudi shule ilimshinda, lakini kichwa iko!" Nikajikaza nisicheke, nikachukua sifa zote.

Siku yenyewe Shakila alikaa nyuma na Mama. Mama ndiye alikuwa amkabidhi, maana unajua mtoto yule hana mwingine, tangu mama yake afariki amekulia kwenye mkeka wetu. Karuzi tukaipita vizuri, tunaimba. Kina Hussein walikuwa wamekuja kutupokea njiani. Tulipoanza kilima kirefu wakatupita na honi, Hussein ametoa kichwa dirishani anatupungia leso.

Nikabonyeza.

Kwa kitambo kidogo, haki ya Mungu, tuliruka. Shakila akapiga kelele, mi nikacheka. Halafu injini ikaendelea kulia juu zaidi na gari ikawa inapungua mwendo. Nakanyaga, inalia. Nakanyaga tena, inaanza kurudi nyuma. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, tukafungua milango tunakohoa, na mafuta mekundu ya giaboksi yakawa yanateremka na barabara kama tumechinja. Wanaume wa baiskeli waliokuwa wanasukuma ndizi zao kilimani wakatupita kwa miguu. Mmoja akaniambia, "Pole, patroni." Aliniita bosi kwa moyo safi, hakunicheka. Angenicheka ningejua la kumjibu.

Shakila tukampandisha kwenye pikapu iliyobeba kreti za Fanta, na shela lake mapajani. Wakamwambia na Mama apande. Akakataa.

"Gari ya Mwajuma siiachi barabarani na huyu," akasema. Jina langu hakulitaja.

Akakaa kwenye jiwe, na kitenge kipya alichokishona kwa ajili ya siku ile, mpaka lori la vitunguu likakubali kutuvuta. Aliyemkabidhi Shakila ni Christina wa jirani, masikini, aliyekwenda zake kula pilau tu. Mama hata kigelegele kimoja hakukisikia.

Mpaka leo hajanitukana. Natamani anitukane. Badala yake ukipiga simu anakwambia gari iko nzuri, Mama yetu huyu asiyeweza kudanganya hata bei ya nyanya. Anaogopa usije ukaugulia ugenini. Uongo ni wangu, ila anayeubeba ni yeye, na akikata simu hanitazami.

Kilichonishikisha kalamu ni ujumbe wako wa juzi, kwamba kontrati inaisha mwezi wa nne na hutasaini nyingine, kwa sababu gari itatulisha. Mama aliusikiliza, akaweka simu chini, akaenda kuchambua mchele ambao alikwisha kuuchambua. Basi sikuweza tena. Siwezi kukuacha uamue kwa gari isiyotembea. Ukisaini, hakuna atakayekulaumu, lawama zote ni zangu. Ukirudi, na mi nakuomba urudi, iwe ni kwa sababu mgongo unauma na tumekukosa, lakini uwe unajua unachokirudia.

Injini iko nzuri, alhamdulilahi. Nazario fundi amefungua giaboksi, ndani nyeusi tupu, inatakiwa nyingine, na anaitafuta kwenye gari kama yako iliyogongwa. Lini itapatikana sijui, sitaki kukudanganya tena. Chupa nilimrudishia mwenyewe, nikamwambia mbele ya watu walewale kwamba ilikuwa otomatiki. Akanitazama. "Nilishuku," akasema. "Gia zako za hewani ulianzia ya tano."

Na mi sasa naendesha baiskeli ya abiria. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nawaita kina Egidius wa baiskeli farasi wa mabomba! Egidius huyohuyo ndiye ananiachia yake mchana. Nikipanda kilima cha soko na abiria nyuma, vijana wananipigia kelele, "Nosi, bonyeza!" Nacheka nao, halafu uso unaniwaka mpaka juu.

Shakila anakusalimu sana, na mumewe. Hussein pia anakusalimu. Ameacha kunitania, na hilo limenichoma kuliko utani. Christina anasema ukija atakusimulia alivyotetemeka. Mama hajui kuwa nimeandika. Swabra akishaondoka nitakaa naye nimwambie, ili ukipiga tena asihitaji kusema chochote kuhusu gari.

Ukipapasa bahasha utakuta kitu kigumu, kimefungwa kwa utepe wa maua ya harusi. Ni ufunguo. Wa pili uko kwenye pindo la kitenge cha Mama, kwa ajili ya fundi. Mi sina wowote. Gari ikipona, sitaigusa mpaka uje na huo, ufungue mlango mwenyewe, halafu uniambie nikae mbele, au nyuma, au niwafuate kwa baiskeli.

Mungu akutunzie mgongo na miguu, akurudishe kwetu unacheka.

Mdogo wako akupendaye, ambaye leo hana cha kujisifia,

Sudi