Hakuna Anayepokea Simu

Jumapili, 3 Machi

Marubani tisa sebuleni kwetu. Tisa! Sufuria kubwa ya ajiaco, supu yetu ya kuku na viazi, iliisha kabla Mama hajapata pa kukaa. Walikuja kujadili mkataba na kampuni, lakini saa nzima ya kwanza walizungumzia ndege mpya. Kapteni Olarte anasema zinakuja jeti sita kutoka Brazili, mwezi wa Juni. Nani kamwambia? Fundi anayepaka rangi mikia. Kapteni Zuleta anasema si sita, ni kumi, maana wapishi wa chakula cha abiria wameulizwa vipimo vya toroli. Baada ya dakika chache walikuwa wameshagawana jeti ambazo hakuna aliyeziona. Olarte alijiweka wa kwanza kwenda kuzisomea, kwa kuwa ana miaka ishirini na sita kazini.

"Mzee, na hilo tumbo utaingilia mlango gani?" Zuleta akamuuliza. "Wakupime wewe kwanza, ndipo wapime toroli."

Wakacheka mpaka vikombe vya kahawa vikagongana.

Mimi nina miaka kumi na tano, na shuleni tunafundishwa kudai ushahidi. Hawa hubeba watu sabini hewani, juu ya milima ya Andes, na wanamwamini fundi wa rangi.

Kisha mkataba. Baba, Kapteni Rincón, ni mmoja wa watatu wanaokaa mezani na kampuni. Alisimama na kusema vizuri — lazima nikiri. Mwaka jana kampuni iliwapunguza marubani wasaidizi kumi na wawili. Ndege ni zile zile za pangaboi, safari ni zile zile. Pengo linazibwa na waliobaki, wanaoitwa siku zao za mapumziko na kulipwa ovataimu. Kwa hiyo kuanzia kesho hakuna atakayeruka siku ya mapumziko. Ndege zikilala chini, kampuni itasaini, na wale kumi na wawili watarudi. Wote wakaweka mikono juu ya kofia ya Baba na kuapa. Watu wazima!

Mama mdogo Graciela, mdogo wake Mama, ni wa nne katika orodha ya hao kumi na wawili. Alikula mlangoni mwa jiko, sahani mapajani. Viti havikutosha na hakuna aliyempisha.

"Graciela, binti yangu, mwezi huu unarudi," Zuleta alimwambia huku akiongeza parachichi.

Olarte akadakia: "Hadi hapo mfundishe Zuleta kuegesha gari!"

Kwa sababu siku hizi Mama mdogo anafundisha udereva. Alitabasamu. Mimi sikutabasamu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimefundishwa kazi yangu. Marubani wote wamezima simu za mkononi, lakini ofisi ya ratiba ina haki ya kupiga simu ya nyumbani. Rubani akipokea mwenyewe siku ya mapumziko, amepatikana: aruke au aandike sababu. Akiwa hayupo, basi. Kwa hiyo katika nyumba zote tisa wanapokea wake na watoto. Sentensi yangu ni hii: "Kapteni ametoka, sijui atarudi lini."

Nimeisema leo saa moja asubuhi. Baba alikuwa mbele yangu, anakula yai.

Bi Amparo wa ofisi ya ratiba anatufahamu tangu nikiwa mdogo. Akasema: "Haya mwanangu. Mwambie huyo aliyetoka amalize kwanza kutafuna."

Miaka minne ya katekisimu kwa masista, na hapa ndipo nilipofika.

Jumatano, 6 Machi

Safari mbili zimefutwa. Zuleta alipiga simu kwa furaha, utadhani amepata mjukuu. Waliongea dakika arobaini, spika ikiwa wazi, nami nafanya hesabu za shule pale pale. Sasa wanataka ovataimu ilipwe mara mbili badala ya mara moja na nusu. Lakini si wameapa kutoiruka? "Ni msimamo wa mazungumzo," Baba akanieleza bila kuniangalia. Neno ovataimu nililisikia mara kumi na tisa. Jina la Graciela, hata mara moja.

Na zile jeti sasa zimekuwa kumi na mbili. Zinazaana.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mdogo alinichukua shuleni kwa gari la mafunzo, lile lenye bango kubwa la herufi nyekundu juu ya paa. Alinieleza jinsi bawa linavyoibeba ndege, kwa kutoa mkono dirishani. Niliielewa fizikia yote ya mwezi huu katika taa nyekundu tatu.

Nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Kwamba na mimi nataka kuwa rubani.

Hakucheka. Alisema: "Basi jifunze kutua. Kuruka, hata jiwe linaruka ukilirusha." Akasema kutua ni kama mwandiko, akikaa mwezi mmoja na kapteni, anaweza kumtambua kwa jinsi magurudumu yanavyogusa chini.

Cheti chake cha kurusha ndege zile kinaisha tarehe 31 Machi. Kampuni ikimrudisha kabla ya hapo, wanamfanyia mtihani wao na anaendelea. Ikipita, aanze upya kwa gharama zake, na hana uwezo huo. Aliniambia haya akiwa anaegesha, kwa utaratibu, kama anayemwonyesha mwanafunzi.

Siku ishirini na tatu. Zinatosha. Mradi hakuna anayepokea simu.

Jumamosi, 9 Machi

Baba alitoka mapema kwenda kwa wakili wa chama. Siku ya mapumziko, lakini mkataba haupumziki, alisema.

Mama mdogo alinipeleka kwenye uzio wa uwanja wa ndege, pale familia zinapoegesha magari na kula mahindi ya kuchoma huku zikitazama ndege. Tulicheza mchezo wake. Ndege ya kwanza ilitua kwa kishindo, ikaruka, ikatua tena. "Zuleta," akasema. "Abiria wamelipa mara moja, wametua mara mbili." Zuleta leo yuko kwenye zamu yake ya kawaida, hajavunja kiapo. Tulicheka sana.

Ndipo ikaja ndege ya kutoka mji wa Pasto. Magurudumu ya nyuma yaligusa bila sauti. Lakini pua haikushuka. Ilibaki juu, juu, ikapita taa za kwanza, ikapita za pili, halafu ikashushwa taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

Aliifuata ndege kwa macho mpaka ikakunja kona. "Mtu anayetua vizuri."

Mama mdogo alikaa kiti cha rubani msaidizi, kulia kwa Baba, miaka miwili. Hata mimi ninajua kwamba wakaguzi humsema Baba kila mwaka kwa kuchelewa kushusha pua. Baba hulisimulia jambo hilo mezani, kwa majivuno.

Wakati wa kurudi aliendesha polepole, akiwasha taa za kukata kona hata pasipo na gari.

Baba aliingia saa kumi na mbili jioni. "Huyo wakili anaongea, jamani!" Kwenye paji la uso alikuwa na mstari mwekundu wa kofia. Katikati ya nywele, bonde la vipokea sauti vya masikioni, vile vya marubani. Mama akamwekea chakula. Nilimtazama akila. Nilitaka sana kukosea.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja sita tu. Mama mdogo nilimpa kiti changu, hapo hapo mezani, nikasimama. Olarte alihutubia juu ya wasaliti, ndevu zikiwa na krimu ya ajiaco. Atakayeruka siku ya mapumziko atageuziwa mgongo kantini, hata mkono hapewi. "Kabisa," Baba akasema. "Kabisa!" Mara mbili. Kama Zuleta anavyotua.

Mama mdogo aliendelea kutoa mifupa ya kuku. Hakumwangalia Baba. Nilidhani atasema. Kisha nikaelewa kwamba hatasema, kwa ajili ya dada yake, na kwamba atafundisha watu kuegesha magari maisha yake yote.

Simu ikalia. Baba akanifanyia ishara ya kidole: sentensi yako.

Bi Amparo hakuuliza kama yupo. Alisema: "Mwanangu, mpe Kapteni shukrani kwa safari ya jana. Muulize kama kesho anaichukua tena Pasto."

Sentensi ilikuwa mdomoni, tayari, ya adabu. Nikasema: "Yupo, Bi Amparo. Subiri kidogo."

Nikabonyeza kitufe cha spika. Nikaivuta simu na waya wake mpaka mezani, kando ya sufuria.

"Baba, ni yako."

Nimekuja chumbani. Mlango nimeuacha wazi kidogo. Naandika haraka, mwandiko ni mbaya, nitausafisha baadaye. Nataka aseme hapana. Bado nataka hivyo! Aseme tu hapana mbele yao, na aseme kwa nini.

Vijiko vimewekwa chini. Hata cha Olarte.

Bi Amparo, kwenye spika: "Kapteni Rincón? Ni saa ile ile ya jana, ndege ile ile—"

Mama mdogo, kwa upole: "Jibu, shemeji. Mtu anasubiri."

Kiti kimeburutwa. Sijui ni cha nani.

Baba anakohoa. Sasa anaanza, kwa ile sauti anayotumia kuwaambia abiria kwamba mbele kuna mawingu kidogo tu, wafunge mikanda—